Kozi wa Arusha Chini

Kazi yangu ni nyuso zilizotulia.
Kiusa, nyuma ya duka la mabati:
pazia la bluu, kigoda, taa mbili.
"Inua kidevu. Masikio yaonekane. Usipepese."
Pasipoti nne, shilingi elfu tano.

Leo nimefunga. Nimeazima lenzi ya Ndelilio,
nzito kama mkungu wa mshare,
nikashuka mpaka kwenye miwa
siku wanayochoma ili kesho wakate.
Mlima umejifunika; hautaki picha.

Moto ukishika, miwa hualika kama bisi.
Panzi hutoka. Panya hutoka,
nyoka aliyeungua mkia hutoka,
na juu wapo tayari walioitwa na moshi:
mwewe kumi na saba (nilihesabu, nikakosea),
tai mmoja asiye na haraka,
na kozi.

Mwewe nilimweza. Mwewe ni kibaka wa sokoni,
huzungukazunguka, mkia wake usukani,
anakupa nafasi hata ya kumtukana.
Bibi yangu kule Uru alimfukuza kwa sufuria na mwiko,
na vifaranga wakamkimbia bibi.

Kozi hakunipa kitu.
Alikuwa nukta.
Kisha nukta ikakunja mabawa
ikawa jiwe lenye nia,
na kidole changu kikabonyeza, kikabonyeza,
kama mtu anayebisha hodi
nyumba iliyohamwa.

Picha mia mbili na arobaini.
Nilizikagua nimejifunika koti kichwani, jua lisiingie.
Anga. Anga. Jivu. Anga.
Ncha ya ubawa, imetoroka pembeni.
Anga.
Na moja: mbayuwayu, mzima,
kila unyoya waonekana,
jicho limegeukia nyuma
pale picha inapoishia.

Mkata miwa akasogea kuchungulia,
masizi mpaka kwenye kope. Kisaka, alisema anaitwa.
"Huyo kozi yuko wapi?"
Nikamwonyesha mbayuwayu.
Akaishika kamera kwa mikono miwili, hakusema,
moto ukala mstari mzima wa miwa.
"Huyu," akasema, "alishajua."

Kisha akataka na yeye nimpige.
Akatema mate kiganjani, akafuta paji,
akaitafuta kola yake,
akaanza kuinua kidevu —

nilikuwa nimeshabonyeza.