Mifupa Ishirini na Saba

Wanasema ulimi hauna mfupa.
Lugha ya mlango ulio juu ya wangu
ina mifupa ishirini na saba kwa kila mkono,
nami nilichelewa kuijua.

Bogumiła ni kiziwi tangu kuzaliwa.
Alipojifungua Kazik, mwezi wa Novemba,
theluji ikiipaka Wrocław chumvi yake ya kwanza,
nilipanda ngazi na sufuria ya supu ya kabichi
na swali nililolificha chini ya kifuniko:
mtoto huyu anasikia; nani atamsemesha?

Hakunijibu. Alinionyesha pa kuketi.
Kitabu kilikuwa kimesimama mezani,
kimeegemea chupa ya matango ya siki,
kurasa zimebanwa kwa vibanio vya nguo,
maana msomaji wa nyumba hii hana mkono wa kukishika.
Alisoma kwa vidole, kwa nyusi, kwa mashavu yaliyojaa upepo.
Bata akavuka meza, akazama,
akaibukia kwapani mwa mtoto.
Ukurasa aliufunua kwa kiwiko.
Nami, niliyetoboa tiketi kwenye tramu miaka thelathini na mmoja
nikipaza sauti, "Kituo kijacho!",
nilinyamaza kama begi lililosahauliwa kitini.

Miezi saba.
Kazik amelala chali, mikono hewani,
inafumba, inafumbua, inagota,
inarudia, inarudia,
ba-ba-ba isiyo na sauti.
Nikadhani anafukuza nzi.
Mama yake akaacha pasi, akainama,
akamrudishia kila alichosema.
Zamu yako. Zamu yangu. Zamu yako.
Pasi ikaunguza kola ya shati la Ludwik.
Hakuna aliyejali.
Haya, Ludwik alijali kidogo.

Kengele yao ni taa:
ukibonyeza, chumba kizima hupepesa jicho.
Juzi nilibonyeza. Mlango ukafunguka,
Kazik kiunoni mwa mama yake.
Akaitazama taa. Akanitazama.
Akainua ngumi, akaichanua juu ya kichwa,
kisha kidole, kwangu.

Taa. Wewe.

Sentensi nzima, na mimi nimo ndani yake.

Nikafungua mdomo; hapakuwa na kazi yake pale.
Mikono yangu yenye baridi yabisi,
iliyozoea kuhesabu chenji,
ikapapasa hewa ikitafuta neno moja.
Bogumiła akanishika kifundo,
akaninyoosha kidole gumba.
Tena, akaashiria. Tena.

Kazik alinisubiri
kwa subira ya mwalimu mwenye meno mawili.