Kilichokatwa

Masjala ya Mbale, Jumanne, mvua imeshika mabati
na kalamu yangu ya tatu imekauka tangu asubuhi.
Berita Kavugwi akaingia na mfuko wa sukari.
Ndani ya mfuko karatasi, ndani ya karatasi udongo kidogo,
kama mtu aliyehofu kwamba hatutaamini.

Nikatazama namba. Naijua.
Marehemu mumewe aliileta mwaka wa njaa ya gorogoro,
akashindwa.
Mwanawe akaileta tena, imevaa koti jingine:
kwanza iliitwa mpaka, sasa ikaitwa urithi,
uso ni ule ule.
Ilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote,
kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji:
watu wale wale, mama, au waliorithi viatu vyao;
jambo lile lile;
korti yenye mamlaka ikishasema, imesema.
Ugali ukishasongwa haurudi kuwa unga.
La sivyo mwenye pesa angemshitaki mwenye njaa
kila msimu wa mahindi, mpaka mmoja wao afe,
na atakayekufa tunamjua.

Hakubisha. Alikausha viganja kwenye leso.
"Kwetu tukikata mkaratusi," akasema,
"kisiki kimoja hutoa miti mitatu.
Nyinyi hapa mnakatia shoka gani?"

Sikuwa na jibu. Nina muhuri tu.

"Lakini sikuja kuifufua. Nimekuja kuisikia.
Siku ile ilisomwa kwa Kiingereza,
mkalimani alikuwa ametoka kununua mandazi.
Watu wakasimama, nami nikasimama.
Watu wakatoka, nikatoka.
Tulipofika darajani ndipo mume wangu akaniambia: tumeshindwa.
Miaka thelathini na minane nimeshindwa
na sijui nimeshindwa kwa maneno gani."

Nikashuka rafu ya chini kabisa, kwenye mavi ya panya.
Jalada namba arobaini na mbili,
utepe wake mwekundu umegeuka rangi ya majani ya chai.
Kurasa nne.
Nikamsomea kwa Kimaragoli, polepole,
nikikwama kwenye Kilatini kama baiskeli topeni.

Ukurasa wa kwanza ulimpa shemeji yake, Enosi Chavulimu, shamba la juu.
Wa pili ukampa mikaratusi.
Wa tatu, Berita alifumba macho.
Wa nne, mstari wa tano kutoka chini,
hakimu ambaye kaburi lake limeshamea nyasi
aliandika, bila mbwembwe,
kwamba njia ya kwenda kisimani, upana wa hatua nne,
ni ya mdai na kizazi chake,
wala haizibwi.

"Soma tena."
Nikasoma tena.
"Hatua ngapi?"
Nne.
"Enosi ameweka seng'enge pale tangu Pasaka."

Mvua ilikuwa imepungua, nikasikia sauti yangu mwenyewe.
Nikamwambia siku za rufaa zilimpita Enosi
kama zilivyompita yeye.
Hawezi kuja leo kusema korti ilikosea hatua nne.
Lile komeo lililokuzuia wewe, mama, linamzuia na yeye;
halina jicho, halichagui mgongo.

Hakucheka. Nilitarajia acheke.
Alikaa kimya muda wa kutosha kuchemsha viazi
kisha akasema, si kwangu:
"Basi tungekuwa tunapita."

Alilipia nakala kwa sarafu za kumi kumi.
Nikagonga muhuri, mkono ukanitetemeka kidogo,
nikagonga tena ili usomeke.
Akaikunja mara nne, akaitia kifuani,
akatoka kwenye matope akihesabu hatua,
moja, mbili,
kama mtoto anayejifunza namba.

Udongo aliuacha juu ya meza yangu.
Msafishaji aliuliza kama aufute.
Nikamwambia auache mpaka kesho:
kielelezo, bado hakijapewa namba.