Kioo cha Milimita Nne

Anaeli Nnko aliingia karakanani kwangu, Unga Limited,
na dumu la lita ishirini begani
na karatasi ya daftari yenye vipimo.
"Kioo," akasema. "Milimita nne. Kisivuje pembeni."
Nikadhani ni tangi la samaki wa mapambo,
hoteli fulani, mapokezi fulani.
Akafungua dumu.

Yalikuwa maji, kwa anayetaka kuyaita maji.
Rangi ya mwosho wa masufuria ya msibani,
na juu yanang'aa kama mgongo wa mende.
"Ya shimoni," akasema. "Pampu inayatapika usiku kucha
ili sisi apolo tuufikie mwamba.
Yakishatapikwa hayana mwenyewe.
Yanashuka korongoni.
Na korongoni kuna watu."

Punda wa Lemburis, anayevuta mkokoteni wa mkaa,
aliletewa ndoo. Akanusa, akageuza shingo,
akamtazama Anaeli kama hakimu.

Mimi sikucheka. Nimezaliwa mtelemko wa Meru:
maji yetu meupe, ya baridi, matamu,
ndiyo yaliyonipaka meno rangi ya chai ya rangi.
Kwenye picha ya harusi yangu nimefumba mdomo.
Najua maji yanavyoweza kukutazama usoni, yakakudanganya.
Haya angalau yalisema kweli mapema.

Kinywe, ndilo jina la vumbi lile jeusi.
Kinywe, kinywa:
wametenganishwa na herufi moja,
na mlango wa herufi moja haufungiki.

Tukajenga boksi. Mbao za mlango wa zamani,
bati lililopakwa masizi,
kioo changu kimelala mlalo wa paa la choo,
bomba lililopasuliwa katikati liwe mfereji,
na paneli ile ile aliyochajia watu simu, mia tatu kwa kichwa,
sasa inasukuma pampu ndogo kama ngumi ya mtoto.
Jua lingeyanyanyua maji bila kuyachemsha,
yakwee yakiwa mepesi,
yaache mzigo chini kama mtu anayetoka nyumba inayoungua.

Ila ilikuwa Julai.
Nani asiyeijua Julai ya Arusha?
Wingu limeketi juu ya jiji kama kifuniko,
mlima hauonekani, mafundi wanachoma matairi wapate kuota.
Siku ya kwanza, hamna. Ya pili, hamna.
"Sola ya mawingu!" wakapiga kelele wachomelea vyuma.
Lemburis akaweka dau la soda kreti nzima.
Siku ya nne Anaeli hakula.
Alisimama pale na kofia mkononi,
na mimi nilijifanya nakata kioo cha dirisha.

Ya tano, saa tano na robo,
kioo kikaanza kutoka jasho kwa ndani.
Tone. Likasita. Likamezwa na jingine,
likateleza.
Hatukusema neno. Hata grinda za jirani
nilizisikia kwa mbali.

Hadi jioni: kikombe kimoja na nusu.
Anaeli alitaka kunywa, nikamshika mkono.
Tukampelekea punda.
Alinusa. Alifikiri, nakwambia, alifikiri.
Kisha akalamba kikombe mpaka kikaanguka.
Kreti ya soda tulikunywa wote, na wachomelea.

Sasa tunapata lita tatu kwa siku nzuri.
Pampu ya shimo inatapika mapipa arobaini kwa usiku.
Hesabu hiyo naijua, usinifundishe.
Kila Jumamosi Anaeli anafungua boksi,
anakwangua ukoko chini ya bati,
na kwa ukoko huo huo anaandika ukutani kwangu:
tatu. Mbili na robo. Tatu na nusu.
Unaandika vizuri, mweusi, haufutiki kwa mkono.

Unaobaki nautia kwenye kopo la rangi.
Makopo yamefika sita, chini ya meza.
Jua limefanya kazi yake, likazama.
Mimi bado sijajua
pa kuyatupa.