Pinnock Apumzike

Nimesema tangu Novemba, na kinyozi wangu ni shahidi:
Delroy Pinnock apumzike.
Miaka thelathini na tisa si umri wa kuruka,
ni umri wa kuulizia bei ya godoro gumu.
Nilisema mbele ya Tibenderana, mashine ikiwa kisogoni kwake,
naye akanijibu bila kugeuka:
wewe wa arobaini na saba, mbona bado unapakua makontena?
Nikamwambia mimi silipwi mamilioni,
wala hakuna anayekata tiketi kuja kuniona nikiinama.

Hamilton ni mji wa chuma, usidanganywe na migahawa mipya.
Timu yetu inaitwa Nyundo,
na nyundo iliyolegea mpini
huipigii msumari kwa heshima ya zamani.

Wenzetu je?
Toronto wamekusanya wakongwe watatu, kila mmoja na pete yake ya ubingwa,
kama mtu aliyenunua saa tatu zilizosimama
akidhani akizivaa zote atajua wakati.
Windsor nao ni watoto watupu:
wanakimbia, wanakimbia, Mungu awape afya,
robo ya nne ikifika hawajui mpira aushike nani,
wanapokezana kama sufuria ya moto.
Ottawa sitaki hata kuwataja.

Kati ya hao na hao tupo sisi
na kocha wetu Lindqvist, mtafuna kalamu,
anayemwanzisha Pinnock kila mechi
kwa sababu bango lake bado limefunika ukuta mzima Mtaa wa James.
Kwenye bango yuko hewani.
Mwaka wa kumi na moja huu, hajatua.

Jumamosi theluji ilishuka tangu mchana.
Nilipanda mabasi mawili hadi kiti changu, safu ya kumi na nane,
ambapo nguzo inakula kona moja ya uwanja.
Akakosa mitupo mitatu mfululizo.
Kijana wa Halifax akampita ubavuni
kama gari linavyopita kibao cha barabarani.
Watu wakazomea.
Nami nilizomea, sina sababu ya kuficha,
nilizomea kwa sauti ile ile niliyomshangilia nayo.
Sina nyingine.

Akaenda benchi, akajifunga barafu magotini
kwa plastiki, mzunguko baada ya mzunguko, polepole,
kama anayefunga mzigo wa mtu atakayesafiri alfajiri.
Hakututazama.

Zikabaki dakika mbili, tuko nyuma kwa pointi tano, akarudishwa.
Hapa ndipo hoja yangu inapochechemea kidogo.
Hakuruka. Nilimkazia macho, hakuruka hata mara moja.
Alisimama tu mahali fulani, kama mtu anayengoja barua,
na mpira ukagonga chuma, ukagonga ubao, ukamjia.
Vijana watatu walikuwa bado hewani wakiutafuta.
Akautuma upande wa pili bila kutazama,
kwa Bastien Ouellet, ambaye hakuwepo.
Ouellet akafika.

Tulifungwa kwa pointi moja. Usitafute muujiza hapa.

Ndani ya basi Tibenderana alinyamaza mpaka Mtaa wa Barton,
kisha akasema: umeona.
Nimeona nini?
Umeona.

Basi narudia, anayetaka kuandika aandike:
apumzike. Jezi yake itundikwe darini,
afungue duka la viatu,
awafundishe watoto wa mtaani kusimama.
Asingoje hadi tumzoee akiwa mdogo kuliko bango lake.
Apumzike mwisho wa mwezi,
apumzike hata kesho akitaka.
Ila Jumanne hapana.
Jumanne tunacheza na Windsor,
na wale watoto hawajui mpira aushike nani.