Ya Pauni Tisa

Leicester, Novemba, themanini na tano.
Duka la Pargeter linanuka plastiki mpya
na makoti ya sufu yaliyoloa.
Ameniwekea mbili mezani:
ya kaseti, pauni tisa,
ya diski, arobaini na kitu.
"Hii, mama, inasahihisha tahajia."

Nikaijaribu hiyo ya bei.
*Mwanatumu mwanangu, nimekukumbuka.*
Ikatafuna, ikatafakari,
ikaliangaza kila neno: kosa.
Kosa. Kosa.
Jina la binti yangu likasimamishwa
kama mgeni asiye na karatasi.
Pargeter akakohoa, akapangusa kioo
ambacho hakikuwa na vumbi.

Ya kaseti haijui tahajia ya mtu.
Mstari wake herufi arobaini, basi;
neno langu lilipofika ukingoni likakatika:

tutakapoku
mbushana

Nikacheka. Naye akacheka,
bila kujua tunacheka nini.

Nililipa kwa sarafu za zamu ya usiku.
Sasa kaseti inalia dakika sita,
paka aliyebanwa mlangoni.
Chai inachemka, inapoa.
Kisha kioo cheusi,
na kijiti kimoja kinachopepesa,
hakiniulizi kitu.