Kibati

Shimo letu la Kunduchi limefungwa tangu mwaka juzi.
Greda limesawazisha kingo, malori yamemwaga udongo
mwekundu, wa kuazima, kutoka Pugu,
nao juu ya chokaa umekaa kama poda
usoni pa mtu aliyetoka kulia.

Mimi nilikuwa mponda kokoto.
Miaka kumi na minne, debe kwa debe,
pete ya tairi mkononi, ya kushikia jiwe.
Leo nalipwa kwa siku kuchimba mashimo madogo
ndani ya shimo kubwa.
Nyundo ni ile ile. Udongo una kina cha futi moja;
chini yake jiwe bado ni jiwe,
halijasikia habari za mradi.

Bwana Rweyongeza, aliyesomea misitu Morogoro,
ana daftari lenye safu tatu:
HAI. KAFA. KALIWA.
(Kaliwa ni kazi ya mbuzi wa kina Mwinjuma,
hawajui kusoma kibao.)
Kila mche una kibati, kila kibati namba.
Mkole, sabini na mbili: hai.
Mkunazi, sabini na tatu: kafa.
Mkulajembe, sabini na nne: hai, ila umekonda.
"Kukonda hakuna safu," anasema. "Sema hai."

Vuli ya kwanza ilitudanganya.
Ilinyesha siku nne, tukapanda miche mia tatu,
kisha jua likakaa juu ya chokaa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikabeba maji, kidumu kimoja kwa miche arobaini,
nikiipimia kikombe kikombe
kama mama wa watoto wengi anavyogawa mchuzi.
Mia moja tisini na mmoja: kafa, kafa, kafa.
Mkono wa Bwana Rweyongeza ukalichoka neno,
akaanza kuchora mistari tu.

Asubuhi moja ya masika, kona ya mashariki,
ambako hatukupanda kitu
maana ukuta wa pale umeachwa kama ulivyoanguka,
nikaona vijani vidogo, tawi jembamba linainama:
mkwamba.
Shore kala matunda kwao huko, kaja kunya hapa.

Na hapa ndipo alipokuwa akikaa Sikudhani.
Jiwe lake la kukalia, kivuli chake cha gunia,
redio yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Ukuta uliposhuka, siku ile ya mvua,
walikuja watu na orodha,
wakasoma majina ya waliosajiliwa.
Lake halikuwemo.
Alitoka Rufiji kwa miguu yake, hakuitwa na mtu;
alikaa tu, akaanza kugonga.

"Bwana Rweyongeza, huu tuuandike wapi?"
Akachuchumaa. Akashika jani kwa vidole viwili.
Akafungua daftari, akalifunga.
"Si wetu. Hatukuupanda.
Tukiuhesabu, ripoti itakuwa ya uongo."
Akanywa maji. Kisha akauliza,
kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichotaka kununua:
"Umeona mwingine?"

Nimeona, ila siku ile sikumwambia.
Ipo saba. Na mtunguja mmoja kwenye ufa wa jiwe,
una miba, mbuzi wameuonja mara moja tu.
Jioni, wenzangu wakiosha majembe,
naipelekea maji yaliyobaki kidumuni.
Haihitaji. Najua haihitaji.

Wa Sikudhani nimeufunga kibati
nilichokiokota kwenye mche uliokufa.
Kwanza nilikisugua kwa mchanga
mpaka namba ikatoka.