Tabaka la Gomesi

Tororo haihitaji kufundishwa kijivu.
Saruji hutua juu ya mabati, juu ya mipapai,
juu ya nguo ulizofua ukasahau kuzianua,
na kila asubuhi mimi hupangusa skrini
kwa kitambaa chenye rangi hiyo hiyo.

Wakaingia Akongo na kaka yake Owere,
na mama yao ndani ya bahasha ya kaki:
Nyadoi, sitini na saba, kwa wino nyuma ya picha.
Baraza, kiti kimoja, mkono juu ya egemeo,
mabega ya gomesi yamesimama
kama masikio ya sungura aliyesikia kitu.
"Tunataka rangi," akasema Akongo. "Kumbukumbu ni Jumamosi."

Nikaanza na ngozi, maana ngozi ndiyo huniumbua.
Programu ilitengenezwa na watu wasiotujua:
ukiiachia ifanye yenyewe,
humpaka kila mtu chai iliyozidi maziwa.
Nikaizima. Brashi laini, asilimia kumi na mbili,
nikamtazama Akongo shavuni, akashtuka.
"Unanikodolea nini?"
Namtafuta mama yako, nikamwambia.
Maji ya kunde, na chini ya jicho wekundu kidogo,
kwa sababu damu haikai mbali.

Ukuta ni chokaa tu,
na ukuta hauna ndugu wa kulalamika.
Kisha gomesi.

"Damu ya mzee," akasema Akongo.
"Kijani," akasema Owere. "Niliilalia nikiugua surua."
"Mtu wa homa ataijua rangi?"
"Na wewe ulikuwa hujazaliwa."
Nikapaka damu ya mzee. Nikafungua tabaka jingine, kijani.
Kila tabaka lina jicho dogo pembeni:
ukilibonyeza hufumba, nguo inatoweka;
ukilibonyeza tena, mama anarudi amevaa.
Nikambadilisha mama yao mbele yao mara saba
mpaka nikaona haya,
nikajifanya natafuta chaja.

Owere akapiga simu Mbale, kwa mama mdogo Nyaketcho,
akaweka spika. Kuku walisikika kwanza.
"Gomesi gani? Ile ya picha?
Ile ilikuwa yangu! Manjano, kama kiini cha yai.
Aliiazima asubuhi, akairudisha jioni
na doa la chai alilolikana mpaka tukamzika."
Akacheka. Akaacha kucheka.
Simu ikabaki na kuku.

Nikapaka manjano.
Na mwanamke akatoka kwenye lile baraza, mgeni,
ndani ya nguo ya mdogo wake aliyeolewa penye pesa,
amevuta tumbo ndani,
anasimama kama mtu anayejua saa ya kurudisha.
Owere akavua miwani, akaivaa, akaivua tena.
Akongo akagusa skrini,
akaacha alama ya kidole kwenye vumbi.
"Doa," akasema. "Liko wapi?"

Nikakuza. Mia mbili, mia nne,
mpaka mama akawa miraba mitupu.
Hakuna kitu. Goti lilikuwa safi, safi mno,
ndipo nikakumbuka: mwanzo kabisa,
kabla ya ngozi, kabla ya kuulizana chochote,
nilifuta mikwaruzo, mikunjo, na kivuli kimoja pale gotini
nilichodhani ni ukungu wa filamu.
Ndivyo nilivyofundishwa. Safisha kwanza.

Sikuwaambia.
Nikaifungua skani ya asili, nikakimega kipande,
nikakibandika mahali pake,
nikakitia kahawia ya chai ya rangi.
Doa la ukubwa wa punje ya njugu.
"Alaa!" akasema Akongo, akakaa chini.

Wakalipa, wakabishania fremu hadi mlangoni, wakaenda.
Zile gomesi mbili sikuzifuta.
Zimo humo chini ya manjano, zimefumba macho,
ile ya surua na ile ya binti ambaye hakuwa amezaliwa.
Faili limekuwa zito, najua.
Flashi iko kwenye droo, pamoja na kitambaa.